Kijerumani cha Kitandani

Alikuwa na majina mawili, kama watu wote wa rika lake katika kijiji cha Lanojce. Jina la nyumbani lilikuwa Lejna Budarowa. Jina la makaratasi lilikuwa Helene Budar. Lejna ndiye aliyezaliwa, akabatizwa, akapendwa na kufiwa. Helene alikuwa wa kutia sahihi tu, mithili ya koti la kwendea ofisini.

Asubuhi moja ya Agosti, akiwa amekwisha kuvuka miaka themanini, Lejna alipigwa na kiharusi, akaanguka jikoni kwake na kisu cha kumenyea viazi mkononi. Alipozinduka yuko hospitali mjini Cottbus, mkono wa kulia mzito kama gogo, na wa kushoto umefungwa utepe wa plastiki kifundoni. Utepe umeandikwa Helene. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Muuguzi, Sista Doreen, alimwinamia akamsemesha polepole. Lejna alielewa. Alifungua kinywa ajibu, na kilichotoka ni Kisorbi, lugha ya nyumbani, ya Waslavi wachache wa mashariki ya Ujerumani. Akajaribu tena, kikatoka Kisorbi. Kijerumani alikisikia kichwani mwake kama mtu anavyosikia watu wakiongea chumba cha pili, lakini mlango ulikuwa umefungwa na ufunguo haupo.

"Anasema Kipolandi huyo," alisema mwanamke wa kitanda cha jirani. "Mtafutieni mtu wa kufagia amtafsirie, wale wote Wapolandi."

"Si Mpolandi, Bi Kunzke. Amezaliwa maili chache kutoka hapa."

"Kama kazaliwa hapa mbona haongei kama watu?"

Hayo ndiyo yaliyobaki duniani. Mababu wa Lejna waliulima udongo ule kabla mji haujapewa jina la Kijerumani, na leo mjukuu wao anaulizwa kwa nini haongei kama watu.

Kijerumani chenyewe alikipata kwa fimbo. Alipoanza shule vita vilikuwa vikiendelea, na mwalimu alimchapa viganjani kila neno la Kisorbi lilipomponyoka, kisha akageuza uso pembeni kana kwamba hakusikia kitu. Alikuja kukitumia maisha yake yote: kwenye ushirika wa maziwa, dukani, na siku ile walipokuja mabwana wa makaa ya mawe kuwaambia kwamba chini ya Lanojce pana makaa, basi juu yake pasiwe na Lanojce. Kanisa likalipuliwa. Wafu wakafukuliwa na kusafirishwa kwa malori. Mashine ndefu kuliko kanisa ikala mashamba, ikala njia, ikala bwawa la kulowekea kitani. Wenyewe wakapewa vyumba mjini, vyenye maji ya moto, wakaambiwa washukuru. Sasa pale pana shimo, shimo linajazwa maji, na magazeti yanasifu kwamba litakuwa ziwa zuri la mashua za starehe. Watu hawa kila kitu hukiona kizuri kikishakufa.

Kabla ya hayo yote, mama yake alimfundisha kazi ya kitani, mmea ambao nyuzi zake hufumwa nguo. Wakati ule kila nyumba ilikuwa na konde lake la kitani, na msimu wa baridi wasichana walikusanyika nyumba moja kusokota nyuzi, wakiimba hadi mishumaa iishe. Siku hizi vijana hukusanyika kila mmoja na simu yake. Lakini mama hakumfundisha kazi peke yake. Alimfundisha na kuisimulia, maana kati ya saa sita na saa saba mchana mtu hakai shambani. Saa ile ina mwenyewe. Bibi wa Adhuhuri hutokea kwenye mashamba, amevaa kitani cheupe, mundu ameuficha mgongoni, na anayemkuta humwambia neno moja tu: niambie kitani kinavyoteswa. Sharti umsimulie hatua kwa hatua, tangu mbegu mpaka nguo, mpaka kengele ya saa saba ilie. Ukinyamaza kabla ya kengele, ni mundu. Ndiyo maana wanawake wa Lanojce walikijua kitani kama wengine wajuavyo sala.

Basi huyo ndiye aliyekuwa amelala pale, akiwa na utepe mkononi na ulimi mmoja.

Daktari wake alikuwa mwanamke kijana, Daktari Lorenz. Alimwita pembeni Maryna, mdogo wake Lejna, ambaye ndiye aliyebaki katika ukoo mzima.

"Ijumaa tutaamua," alisema. "Akiweza kujieleza, kwamba anaumwa wapi, anahitaji nini, nitamruhusu aende nyumbani kwako. Asipoweza, itabidi apelekwe nyumba ya wazee."

"Huko kuna anayejua Kisorbi?"

"Wanaangaliwa vizuri sana, mama."

Hilo halikuwa jibu, na wote wawili walilijua hilo.

Maryna alirudi kitandani akamshika dada yake mkono ule mzima. "Dada, umesikia? Ijumaa."

"Nimesikia. Nisipopata Kijerumani changu watanizika nikiwa hai. Umeniletea mafuta ya mbegu za kitani?"

"Kichupa. Kifiche, sista asikione."

"Viazi vya hapa havina ladha, Maryna. Ni kama kutafuna maneno ya mwanasiasa."

Wakacheka wote wawili, na Bi Kunzke akageuka kuwatazama. Huyu Roswitha Kunzke alikuwa kondakta wa tramu tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Nyonga ilikuwa imemvunjika, lakini mdomo haukuguswa.

"Haya, mnanisengenya?" alisema. "Semeni basi na mimi nicheke. Hapa mchana ni mrefu kama mwaka."

Siku ile ile Sista Doreen, kwa moyo wake mwema, alileta karatasi ambayo hospitali iliwatengenezea Wasiria na Wavietnam: sentensi za Kijerumani za kumfaa mgonjwa, na picha kando ya kila sentensi. Bwana kashika tumbo. Glasi ya maji. Dirisha. Sindano. Akampa bibi wa Kisorbi katika nchi ya Wasorbi. Maryna aliona haya hata akatoka nje. Lejna hakuona haya. Aliitaka Ijumaa.

Bi Kunzke ndiye aliyejifanya mwalimu. "Bi Budar, tramu inaondoka, panda! Huyu bwana wa kwanza kashika tumbo. Sema: es tut hier weh. Inauma hapa."

"Es tut... via."

"Via? Sema weh! Kama farasi mwenye jino bovu. Weee!"

"Weee," alisema Lejna, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Safi, tikiti yako nimeitoboa. Kituo kinachofuata: kiu. Unashuka? Hushuki. Sema!"

Hivyo ndivyo Lejna, aliyewahi kubishana na serikali kwa Kijerumani, alivyoanza upya kama mtoto: nina kiu, naona baridi, naomba dirisha lifunguliwe, kichwa kinaniuma. Sentensi za karatasi zilitoka, moja moja, zikiwa nzima. Nje ya zile hakupata hata neno.

Baada ya chakula cha mchana hospitali ile ilikuwa na saa yake ya ukimya. Mapazia huvutwa, wageni hutolewa, ukumbi mzima hunyamaza. Saa hiyo ni ile ile, kati ya saa sita na saa saba. Waliopanga ratiba hawakuwa na mama wa kuwaonya.

Lejna alikuwa macho. Kwanza ilikuja harufu: harufu ya bwawa la kulowekea kitani, uozo wenye utamu ndani yake, ambao pua za mji ule zilikuwa zimekwisha kuusahau. Halafu akamwona mwanamke amesimama miguuni pa kitanda. Alimdhania sista. Lakini weupe wa nguo yake haukuwa wa hospitali. Ulikuwa weupe wa kitani kilichoanikwa kwenye majani wiki baada ya wiki. Pindo lilikuwa limelowa. Miguu ilikuwa mitupu. Mkono wa kulia ulikuwa mgongoni.

"Niambie," alisema kwa Kisorbi cha Lanojce kabisa, kile cha kuburuza mwisho wa neno, "kitani kinavyoteswa."

Lejna aliogopa. Lakini alianza, maana kuanza ndiyo dawa. Akapanda mbegu, akapalilia akiwa peku ili asivunje vichipukizi, akang'oa kwa mizizi bila kukata. Na kadiri alivyoendelea, kitu kingine kilimpanda kifuani, nacho kilikuwa furaha. Tangu mumewe Kito afariki, hakuna aliyempa muda wa jibu refu kwa lugha yake. Kengele ya kanisa la jirani ilipolia saa saba, mwanamke aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeshiba, na hakuwapo tena.

"Nani kamwaga maji hapa?" aling'aka Sista Doreen alipoingia. "Bi Kunzke, ni wewe?"

"Mimi nyonga imevunjika, nimwage maji miguuni pa mwenzangu kwa mkia?" Kisha akamgeukia Lejna, akamsemesha polepole. "Wewe ulikuwa unanung'unika nini? Na lile baridi lilitoka wapi, mwezi huu wa Agosti?"

Lejna alimwambia Maryna jioni. Maryna akawa mweupe.

"Mama alisema yule hatoki mashambani."

"Mashamba yako wapi, Maryna? Naye ni kama sisi. Amehamishwa."

"Usimwambie daktari. Watakuandika mwehu, na Ijumaa yako itapotea."

"Sisemi. Hata nikitaka, nitasema kwa picha ipi?"

"Niombe nikae na wewe hiyo saa sita?"

"Hawataki wageni saa ile. Na ukimkuta utamwambia nini, wewe?"

Maryna alikuwa mdogo kwa dada yake kwa miaka mingi. Alipopata akili, watu walikuwa wamekwisha kuanza kununua shuka dukani. Kitani alikijua kwenye chupa ya mafuta tu.

Mgeni akaja kesho yake, na kesho kutwa. Kila mchana Lejna alisimulia, na kila mchana kengele ikamkuta kinywani mna maneno. Hata akaanza kuona kwamba atafika. Kisorbi chake kilimlinda adhuhuri, Kijerumani cha Bi Kunzke kingemtoa Ijumaa.

Alhamisi harufu ilikuja mapema. Mwanamke akasimama mahali pake. Akafungua kinywa, na kilichotoka ni Kijerumani, kile safi cha redioni.

"Niambie kitani kinavyoteswa."

Lejna alianza kwa Kisorbi, kama siku zote. Mwanamke akageuza uso pembeni, vilevile kama mwalimu alivyokuwa akifanya, kama mtu asiyesikia kitu. Mkono ukatoka mgongoni. Mundu wenyewe ulikuwa mdogo, mkuukuu, umenolewa miaka mingi hata umebaki mwembamba kama mwezi wa siku mbili.

Kila mtu amesalimu amri, mpaka huyu! Hilo ndilo lililomjia Lejna kabla ya hofu. Hofu ikafuata. Hakuwa na neno la Kijerumani la mbegu, wala la shina, wala la ubao wa kupondea. Alikuwa na karatasi ya wagonjwa.

"Zima taa, tafadhali," alisema kwa Kijerumani cha karatasi, na ndani yake mbegu ikaingia gizani udongoni.

Uso wa mwanamke ulirudi taratibu.

"Nina kiu." Mvua ilikuwa imechelewa. "Naomba dirisha lifunguliwe." Udongo ukapasuka. "Nisaidie kuinuka." Kikaota. "Leo najisikia vizuri," alisema, kwa kuwa aliliona konde zima likichanua buluu asubuhi, kama mbingu imeshuka kunywa maji.

Mwanamke akasogea hatua moja.

"Es tut hier weh," alisema Lejna. Kikang'olewa. "Kichwa kinaniuma." Kikachanwa vichwa vya mbegu. "Mir ist kalt. Naona baridi. Naona baridi." Kikalazwa bwawani chini ya mawe, siku na siku. "Nahisi kichefuchefu." Kikaoza. "Nina homa." Kikakaushwa penye tanuri. "Mgongo unaniuma, naomba dawa ya maumivu." Kikapondwa kwa mbao mpaka mfupa ukasagika. "Siwezi kupumua." Vumbi la kupigapiga. "Sindano hapana, tafadhali, polepole." Kikaburuzwa kwenye chanuo la misumari. "Nasikia kizunguzungu," na gurudumu la kusokotea likazunguka, likazunguka, na wasichana wa Lanojce wakaimba. "Naomba nigeuzwe upande." Kikaenda na kurudi kwenye mtambo wa kufumia. "Naomba kuoshwa." Kikaanikwa kwenye majani. "Nitapasuliwa lini?" Mkasi. "Nyuzi zitatolewa lini?" Sindano ya mshonaji. Alisema kila moja polepole, akairudia, akaivuta kama uzi. "Naomba bandeji nyingine." Maana shati la kitani likichakaa huwa shuka la mtoto, na shuka likichakaa huwa tambaa la kufungia kidonda.

Sentensi ikabaki moja, ya mwisho kwenye karatasi, picha ya nyumba yenye moshi.

"Nataka kwenda nyumbani," alisema Lejna. Tambaa likarudi udongoni.

Akanyamaza. Kengele haikulia. Mundu ukapanda mpaka usawa wa shingo, na baridi yake ikafika kwanza.

"Kituo kinachofuata," ilisema sauti kutoka kitanda cha jirani, nyembamba kama ya mtoto. Bi Kunzke alikuwa amelala chali, macho ameyafumba kwa nguvu, shuka kalivuta mpaka kidevuni. "Kituo kinachofuata, Bi Budar. Usishuke. Tramu inazunguka. Taa. Sema taa."

"Zima taa, tafadhali," alisema Lejna. Na mbegu ya mwaka wa pili ikaingia udongoni.

Wakaenda hivyo, mmoja akitaja kituo, mwingine akisema. Kitani kilikuwa bwawani kwa mara ya pili kengele ilipolia.

Mwanamke akashusha mundu. Safari hii hakuondoka papo hapo. Aliinama, akaweka kiganja kilicholowa juu ya midomo ya Lejna, akakikaza hapo kwa muda, kama mtu anayechota. Kisha sakafu ikabaki na maji tu.

Bi Kunzke hakufanya mzaha tena. Alipoulizwa na Sista Doreen, alisema mwenzake amezungumza Kijerumani saa nzima, na yeye anaomba kuhamishiwa chumba kingine, chochote, hata cha wanaume. Na asiulizwe kwa nini. Alipokuwa akisukumwa kupita kitanda cha Lejna aligeuza macho ukutani.

Ijumaa Daktari Lorenz alikuja na daftari lake.

"Bi Budar, unaitwa nani?"

"Helene Budar."

"Uko wapi?"

Lejna akamjibu. Akamweleza na mkono unavyomsumbua, na kwamba viazi vya hospitali havijawahi kuona chumvi, yote kwa Kijerumani kilichonyooka, chenye maneno ambayo hayakuwa kwenye karatasi. Daktari alifurahi hata akamshika bega. Aliandika kwamba mgonjwa amepona.

Maryna aliingia na mkoba wa nguo, amefunga kilemba chake kizuri. "Dada," alisema kwa Kisorbi, "twende nyumbani. Nimechemsha viazi."

Lejna alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni dukani.

"Samahani," alisema kwa Kijerumani. "Sielewi."

"Dada, acha masihara."

"Sielewi, mama. Unatafuta nani?"

Alimjua baadaye, kwa sura. Akamwita kwa jina la makaratasi, Marie, jina ambalo katika maisha yao yote alikuwa hajawahi kumwita. Lakini Maryna alipomsemesha lugha yao, hata kwa nyimbo za utotoni, uso wa Lejna ulibaki mtulivu kama maji ya lile shimo lao. Alikuwa amerudi nyumbani mzima, kama alivyotaka. Majirani walimpongeza Maryna ngazini. Dada yako anaongea vizuri siku hizi, walisema.

Jumapili ya kwanza Maryna aliandaa meza: viazi vya kuchemsha, jibini laini, mafuta ya kitani yamemwagwa juu, matango ya siki kando. Wakaketi. Mlio wa saa sita ulisikika kutoka mbali. Maryna alikuwa amenyanyua uma ilipomfikia harufu, ile ambayo kwake ilikuwa hadithi tu. Alitazama sakafu. Toka mlangoni mpaka nyuma ya kiti chake palikuwa na maji, kwa umbo la nyayo.

"Niambie," ilisema sauti kisogoni pake, kwa Kisorbi cha Lanojce, "kitani kinavyoteswa."

Ilikuwa sauti ya Lejna.

Lejna mwenyewe alikuwa mbele yake, anakata kiazi.

Maryna alianza. Alisema mbegu. Alisema mvua. Alisema buluu, kwa kuwa buluu aliwahi kuiona. Alisema kung'oa, akasema kuchana vichwa, na hapo akakwama, hajui kinachofuata, hajawahi kujua, na baridi ikamgusa shingo chini ya nywele.

"Dada," alinong'ona kwa lugha ambayo dada yake haielewi tena. "Halafu nini? Dada, halafu nini?"

Lejna hakuinua macho kwenye sahani.

"Mir ist kalt," alisema.

"Baridi," alisema Maryna. "Bwawani. Kikalowekwa bwawani, chini ya mawe. Halafu?"

"Nahisi kichefuchefu," alisema Lejna, akameza kiazi chake.

"Kikaoza," alisema Maryna, machozi yakimdondokea mezani. Saa ya ukutani ilionyesha ndiyo kwanza saa sita na robo.